Jina Moja, Vinywa Vitano: Uchambuzi wa Kisa cha Mbwa Aliyeitwa Simbamarara

Mbwa anayezungumziwa hapa aliletwa nyumbani akiwa na umri wa wiki tisa, dume, mwenye manyoya ya kahawia yaliyochorwa michirizi myeusi ubavuni, na kwa sababu ya michirizi hiyo binti wa nyumba, mwenye miaka 13, akampa jina la Simbamarara. Wote walilipenda. Miezi sita baadaye nilipoitwa kumtazama, lalamiko lilikuwa kwamba mbwa hasikii: akiitwa, mara huja, mara hulala palepale alipo, mara hujificha chini ya meza, na kuna siku alitoka nje ya geti huku watu watatu wakimwita kwa pamoja. Mama alishuku uziwi. Baba alisema ni ukaidi. Bibi, ambaye ndiye aliyekuwa akimlisha, alisema mbwa hana neno, na katika wote watano ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu watu wanaotafuta jina la mbwa huomba wapewe orodha ya majina mafupi, kana kwamba ufupi wa jina huhesabiwa kwa herufi. Nimekutana na majina ya herufi nne yaliyomsumbua mbwa kwa mwaka mzima. Kipimo ninachokitumia ni kingine: jina ni fupi pale ambapo hakuna mtu nyumbani anayeweza kulifupisha zaidi, na linafaa pale ambapo halifanani na neno jingine lolote ambalo mbwa huyo huambiwa. Jina la Simbamarara lilishindwa kwa pande zote mbili, na lilishindwa kwa namna ambayo hakuna aliyeiona, kwa kuwa kila mmoja alisikia kinywa chake tu.

Nilichokiona

Shaka ya uziwi ndiyo iliyopaswa kuondolewa kwanza, maana kama ingekuwa kweli, mjadala wa jina ungekuwa kazi bure. Mbwa akiwa amelala chumba kingine, nilimwomba bibi aukunjekunje taratibu mfuko wa chakula chake bila kusema neno. Mbwa alifika kabla mfuko haujafunguliwa. Jaribio la namna hii halichukui nafasi ya uchunguzi wa daktari wa mifugo, hasa panaposhukiwa uziwi wa sikio moja, lakini kwa lalamiko tulilokuwa nalo lilitosha kutuonyesha kwamba masikio yalikuwa yakifanya kazi.

Kisha nikakaa na daftari kwa alasiri nzima, nikiandika kila neno ambalo mbwa aliitwa na aliyelitamka. Baba alisema “Simba”. Binti aliyempa jina, na ambaye nilidhani angelilinda, alisema “Mara”. Bibi alichukua mkia wa jina, akasema “Rara”. Mtoto wa miaka minne, ambaye hajaweza kutamka r, alimfuata bibi yake kama watoto wafuatavyo, ila kinywani mwake “Rara” ilitoka “Lala”. Mama peke yake ndiye aliyetumia jina kamili, naye alilitumia mbwa alipokuwa ametafuna kiatu.

Nilipoona hivyo niliwapanga mmoja baada ya mwingine nyuma ya mbwa, akiwa ameshughulika na mfupa, kila mmoja atamke jina lake mara moja tu, kwa sauti yake ya kawaida, bila kupiga makofi wala kunyoosha mkono. Kwa “Simba” mbwa alisimamisha masikio, akatazama upande mwingine, akaendelea na mfupa. Kwa “Mara” aliacha mfupa na kumkimbilia binti. Kwa “Rara” alikwenda kwa bibi kwa mwendo wa pole, akinusa mikono yake. Mtoto aliposema “Lala”, mbwa alijilaza chini kwa utii kamili, na mtoto akanigeukia kwa uso wa mtu aliyeonewa. Mama alipotamka “Simbamarara”, tena kwa upole mkubwa kwa kuwa alikuwa anatazamwa, mbwa aliuacha mfupa na kuingia chini ya meza.

Familia iliona majibu matano ya ovyo. Mimi niliona mwanafunzi aliyefaulu masomo matano. “Simba” lilikuwa neno lililosemwa mara nyingi bila kufuatwa na chochote, hivyo mbwa alijifunza kulipuuza. “Mara” lilifuatwa na mchezo, “Rara” na chakula, “Lala” lilikuwa amri aliyofundishwa na baba mwenyewe, na “Simbamarara” lilikuwa tangazo la hasira. Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililokuwa na maana ya “wewe, nitazame”, na hiyo ndiyo kazi pekee ambayo jina la mbwa linapaswa kuifanya.

Kwa nini jina refu huvunjika, na huvunjika wapi

Si-mba-ma-ra-ra ni silabi tano. Mtu hawezi kumwita mnyama kwa silabi tano mara ishirini kwa siku. Ulimi utakata tu, nao hukata bila kumwuliza mwenye jina. Tatizo ni kwamba hakuna kanuni inayowalazimisha watu watano wakate mahali pamoja. Wengine huchukua mwanzo wa jina, wengine huchukua mwisho, na mwenye mapenzi makubwa huchukua katikati.

Kiswahili huongeza ugumu ambao wengi hawaufikirii. Mkazo katika maneno yetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Simbamarara mkazo mkuu umekaa kwenye ra ya kwanza, na silabi zilizotangulia husemwa kwa haraka na kwa unyonge. Ukikata na kubaki na “Simba”, mkazo unahamia kwenye “si”, ambayo ndani ya jina kamili ilikuwa karibu kumezwa. Ukikata na kubaki na “Mara”, mkazo unahamia kwenye “ma”, ambayo nayo haikuwa na nguvu. Sisi, kwa kuwa tunajua maandishi, tunaona kwamba Simba na Mara ni vipande vya kitu kimoja. Mbwa hana maandishi. Kwake neno ni mdundo na sauti, na mdundo umebadilika. Kwa hiyo binti alipodai kwamba “yote ni jina lilelile”, alikuwa akisema kweli kwa watu na si kwa mbwa.

Wazo la kumpa mbwa jina fupi ni la kale. Xenophon, Mgiriki aliyeandika kuhusu uwindaji katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alishauri mbwa wa kuwindia wapewe majina mafupi ili iwe rahisi kuwaita, na akaorodhesha majina zaidi ya arobaini ya mfano. Columella, Mrumi aliyeandika kuhusu kilimo katika karne ya 1 baada ya Kristo, alikubaliana naye lakini akaweka mpaka wa chini: jina lisiwe refu sana, ili mbwa aitike upesi, wala lisipungue silabi mbili. Mifano yake ya Kilatini ni Ferox na Celer kwa madume, Lupa na Tigris kwa majike. Huyo wa mwisho alinifurahisha, kwa kuwa Tigris ni simbamarara. Mrumi alitaka jina la mnyama yuleyule aliyetakwa na binti wetu, ila lugha yake ilimpa silabi mbili pale ambapo yetu inadai tano.

Mpaka wa chini wa Columella unastahili kuchukuliwa kwa uzito na msemaji wa Kiswahili kuliko na mtu mwingine. Wachungaji wa kondoo nchini Uingereza huwaita mbwa wao kwa silabi moja, kama Moss, Meg au Glen, na kwao jambo hilo halina taabu kwa sababu lugha yao imejaa maneno ya silabi moja yanayofungwa kwa konsonanti. Kinywa cha Kiswahili hutaka irabu mwishoni. Mbwa akiitwa Max, mmoja nyumbani atasema Max kwa kubana, mwingine atasema Maksi, na mtoto atasema Makisi. Jina lililochaguliwa kwa ufupi wake limekuwa majina matatu, moja likiwa na silabi tatu. Sisemi majina ya kigeni yasitumike. Nasema jina la silabi mbili zilizo wazi, kila moja ikiishia na irabu, ndilo gumu kuharibika kwetu.

Mbwa anasikia nini hasa

Hapa pana mafundisho mengi ya mitaani ambayo hayana budi kupepetwa. Linalorudiwa zaidi ni kwamba jina lazima liwe na k au t kwa sababu mbwa husikia sauti za juu. Ni kweli kwamba mbwa husikia hadi karibu hezi 45,000 na binadamu huishia karibu hezi 20,000, lakini sauti zinazobeba maneno yetu ziko chini ya mipaka hiyo yote miwili, na mbwa husikia m na l bila shida. Faida ya k, t, p au ch ni ya namna nyingine: huanza kwa mpasuko, na mpasuko huo hulitenganisha jina na maneno yaliyolitangulia. Ni faida ndogo. Nimewajua mbwa walioitika vizuri kabisa kwa majina yaliyojaa l na m.

Lenye uzito zaidi ni suala la maneno yanayofanana. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, Budapest, walipima shughuli za ubongo wa mbwa kwa vihisi vilivyobandikwa kichwani huku mbwa wakisikilizishwa amri wanazozijua, maneno yasiyo na maana yanayotofautiana na amri hizo kwa sauti moja, na maneno yasiyo na maana yaliyo mbali nazo kabisa. Ubongo ulitofautisha amri na maneno ya mbali, lakini haukuonyesha tofauti kati ya amri na yale yaliyokaribiana nayo. Mtu akisoma hilo kisha akakumbuka kwamba nyumba yetu ilikuwa na “Rara” na “Lala” chini ya paa moja, hahitaji maelezo zaidi. Hata mtoto angekuwa na r yake kamili, maneno hayo mawili yalikuwa yamekaribiana mno.

Baba aliuliza swali zuri: je, si kwamba mbwa amechanganywa na sauti za watu watano tofauti, badala ya majina? Jibu langu lilikuwa hapana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mbwa hutambua neno lilelile likisemwa na watu wasiowajua, na hutambua pia neno linapobadilika kwa irabu moja. Basi kinywa kipya kikitamka neno lilelile, mbwa hana shida nacho. Inafaa kuongeza kwamba matokeo haya na yale ya Budapest hayapingani sana kama yanavyoonekana, kwa maana kusikia kwamba irabu imebadilika ni jambo moja, na kujali badiliko hilo unapoambiwa neno lenye maana ni jambo jingine. Hata hivyo nakiri kwamba katika kuchagua majina huwa naziamini irabu kuliko konsonanti, nami hupenda jina litofautiane na amri za nyumbani kwa irabu yake yenye mkazo.

Na tukio la getini? Mwaka huohuo wa 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland waliwasikilizisha mbwa majina yao huku watu wengine wakizungumza kwa nyuma. Mbwa waliyatambua majina yao hata kelele ilipokuwa sawa na sauti ya mwitaji, ila kelele ilipozidi sauti hiyo, walishindwa. Siku mbwa wetu alipotoka nje, baba alikuwa akipiga kelele “Simba”, binti “Mara” na mama “Simbamarara”, wote kwa wakati mmoja. Kila jina lilikuwa kelele ya kulifunika jingine. Kama wote watatu wangetamka neno moja, sauti zao zingesaidiana. Badala yake zilifutana, na kilichobaki wazi kwa mbwa ni kwamba watu wana hasira na kwamba barabara iko mbele yake.

Niongeze jambo linaloonekana kunipinga. Mbwa hashindwi na wingi wa majina kama wingi tu. Rico, mbwa wa Ujerumani aliyechunguzwa na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2004, alijua majina ya vitu zaidi ya 200, na Chaser wa Marekani, aliyeandikwa mwaka 2011, alijua majina ya vitu 1,022. Hao ni mbwa wa pekee waliofunzwa kwa miaka, lakini wanatosha kuonyesha kwamba akili ya mbwa haijai kwa majina matano. Ndiyo maana siwakatazi watu majina ya utani. Nyumba nyingi zina mbwa mwenye jina moja rasmi na mengine manne ya kubembelezea, na wote wanaishi kwa amani, kwa sababu majina yote yale yanafuatwa na jambo jema. Katika kisa hiki majina yalikuwa na maana tano zinazogongana.

Uchaguzi

Tulikaa mezani na kuandika kwanza maneno yote ambayo mbwa huambiwa: kaa, lala, njoo, acha, hapana, toka, ngoja, leta. Ukiyatazama utaona kwamba karibu yote yamebeba a au o kwenye silabi ya mkazo. Jina lenye e, i au u kwenye silabi hiyo lingesimama karibu peke yake, kwa kuwa ni “leta” tu lenye e. Hilo si sheria, ni nafasi iliyokuwa wazi katika nyumba ile. Nyumba nyingine, yenye amri nyingine, ingekuwa na nafasi yake.

Binti alipigania “Mara”, kwa hoja nzito kwamba ndilo jina lililokuwa linafanya kazi. Nililikataa kwa sababu mbili. Mtoto angesema “Mala”, jambo linaloweza kuvumilika. Lisilovumilika ni kwamba neno “mara” liko kinywani mwa kila msemaji wa Kiswahili kutwa nzima: mara moja, mara nyingi, kila mara, mara akaja. Mbwa angesikia jina lake mezani, kwenye simu na kwenye taarifa ya habari, bila kuhusika hata mara moja, mpaka masikio yake yalizoee na kuliacha lipite. Ndivyo “Simba” ya baba ilivyokufa. “Simba” yenyewe haikuwa na mtetezi, kwa kuwa mbwa wa jirani aliitwa hivyohivyo na kinachowatenga ni ua tu.

“Kito” lilipendwa na mama kwa maana yake, nalo lina sauti nzuri, lakini “kitu” na “kiti” yako karibu nalo mno. “Toto” lilianguka kwa ajili ya “mtoto”. “Pili”, lililokatwa kutoka “Pilipili”, lilikuwa zuri kwa kila kipimo mpaka bibi alipokumbusha kwamba ndilo jina la shangazi yao, na mjadala ukaisha kabla ya kuanza. Mtoto wa miaka minne alipendekeza “Kuku”, akalipendekeza tena kila zamu yake ilipofika. Lazima niseme kwa haki kwamba kifonetiki lilikuwa pendekezo bora kuliko yote yaliyowekwa mezani: silabi mbili wazi, mpasuko wa k mara mbili, irabu ambayo haimo katika amri yoyote, na hakuna kinywa kinachoweza kulikosea. Kilicholizuia ni kwamba watu wazima wangeona aibu kusimama getini na kumwita mbwa kuku. Sikuidharau aibu hiyo. Jina linaloonewa haya husemwa kwa kunong’ona au hubadilishwa kisirisiri, na tungerudi tulikotoka.

Walikubaliana juu ya “Chapu”. Nami niliunga mkono, nikisifu ch na p, nikaondoka nikiwa nimeridhika. Hapo kosa ni langu. Siku tatu baadaye mama alinipigia simu akicheka: kila asubuhi anapowahimiza watoto wavae haraka huwaambia “chapuchapu”, na mbwa alikuwa amepata desturi ya kuwaruka watoto wakati huo akidhani ameitwa. Niliuliza kuhusu amri za mbwa tu, nikasahau kuuliza ni maneno gani ya kushtua husemwa nyumbani kwa sauti ya juu, ingawa maneno ya kuhimiza na kukaripia watoto ndiyo yanayofanana zaidi na kumwita mbwa, kwa sauti na kwa haraka yake. Tangu siku hiyo ombi langu la kwanza kwa familia ni kukaa kimya na kusikiliza asubuhi moja.

Jina lililobaki lilitolewa na baba, mpenzi wa mpira: “Beki”. Ni neno ambalo kila mtu analijua, lina silabi mbili wazi, mkazo umekaa kwenye e, na mtoto alilitamka sawasawa mara ya kwanza. Binti aliuliza kwa ukali kwa nini neno linalosikika kwenye televisheni kila wikendi likubaliwe wakati “Mara” limekataliwa. Alikuwa na haki ya kuuliza. Tofauti ni ya kiasi: neno linalosikika kwa saa mbili za mchezo mwishoni mwa wiki, likitoka kwenye kifaa na katikati ya maelezo marefu, halina uzito sawa na neno linalosemwa na watu wote wa nyumbani kila siku. Hakuna jina lisilo na doa kabisa. Tunachochagua ni doa lipi litamsumbua mbwa kidogo zaidi.

Nilimwahidi pia kwamba Simbamarara halitapotea. Wafugaji wanaosajili mbwa wa ukoo wamezoea mgawanyo huu siku nyingi: chama cha usajili cha Marekani, American Kennel Club, huandikisha majina marefu, na mbwa mwenye jina la maneno manne kwenye cheti huitwa nyumbani kwa neno moja fupi lisilohusiana nalo. Kwa hiyo kwenye kadi ya chanjo mbwa wetu alibaki Simbamarara.

Kulihamisha jina

Mbwa wa miezi minane hajachelewa kubadilishiwa jina, wala hata mbwa mzee. Tulianza kwenye chumba tulivu, mbwa akiwa ameshiba nusu. Mmoja anasema “Beki” mara moja, kwa sauti ya kawaida, na papo hapo anatoa kipande kidogo cha nyama, mbwa awe ametazama au hajatazama. Baada ya marudio machache mbwa hugeuza kichwa kabla nyama haijatoka, na kuanzia hapo nyama hutolewa kwa kichwa kilichogeuka tu. Kila mtu wa nyumbani alifanya zamu fupi, mtoto akisimamiwa na bibi. Kwa binti tulitumia njia ya mkato, kwa kuwa jina lake la zamani lilikuwa na heshima kwa mbwa: alisema “Beki”, akanyamaza kidogo, kisha “Mara”, na kipande kikafuata, siku mbili baadaye “Mara” liliachwa.

Masharti yalikuwa mawili. Jina lisitumike kukaripia, hata kiatu kikiliwa. Kwa hasira kuna “acha”, na inatosha. Na jina lisibebeshwe kazi ya amri. Hili la pili lilimgharimu baba sana. Alikuwa amezoea kusema jina peke yake akiwa na maana ya njoo, au usitoke, au shuka kwenye kochi, akitaraji mbwa akisie ni lipi. “Beki” maana yake ni nitazame. Likishajibiwa, ndipo “njoo” lifuate.

Namna ya kulitamka ilihitaji marekebisho pia, maana jina fupi laweza kurefushwa na mtu aliyekasirika mpaka liwe refu kuliko lile la kwanza. Baba alisema “Beeeeki”, kwa sauti ndefu inayoshuka. Patricia McConnell, mtaalamu wa tabia za wanyama wa Marekani, alichunguza ishara za sauti za watu wanaofanya kazi na wanyama na kuona kwamba sauti fupi zinazorudiwa humhimiza mnyama asogee, ilhali sauti moja ndefu inayoshuka humtuliza au kumsimamisha. Baba alikuwa akimwita mbwa kwa sauti ya kumzuia asije. Tulipomfundisha kusema “Beki!” kwa mkato, kisha “njoo-njoo” kwa wepesi, tofauti ilionekana alasiri ileile.

Geti halikutatuliwa na jina. Hilo lilihitaji mazoezi yake, kwa kamba ndefu na kwa wiki kadhaa, na sitalieleza hapa isipokuwa kusema kwamba mazoezi yale yasingewezekana bila neno moja la kuanzia. Mtoto wa miaka minne sasa humwita Beki na Beki huja. Akimwambia “lala”, hulala, na mtoto amegundua kwamba hilo ni amri na analitumia kupita kiasi. Baba huteleza na kusema “Simba” akiwa amechoka, na anayeitika ni yule wa ng’ambo ya ua, ambaye hubweka.

Kasoro moja ilijitokeza baadaye, nayo ni matokeo ya ahadi niliyoitoa mimi. Walipompeleka kwa chanjo, mhudumu alichukua kadi, akasimama mlangoni na kusoma kwa sauti kubwa na ya furaha: “Simbamarara!” Mbwa alijipenyeza chini ya benchi na ikabidi avutwe. Binti aliomba kalamu, akalikata jina kwa mstari mmoja ili bado lisomeke, na juu yake akaandika Beki.